Kozi huria, kozi ya kundi au mafunzo ya chuo? Mwongozo kwa mhadhiri wa Nairobi anayetaka kufundisha vizuri mtandaoni

Ijumaa ya tarehe 13 Machi 2020 Kenya ilitangaza mgonjwa wake wa kwanza wa korona. Jumapili iliyofuata Rais akaamuru shule zifungwe, na vyuo vikuu vikapewa hadi Ijumaa ya tarehe 20 viwe vimefunga. Wakati huo nilikuwa na darasa la wanafunzi 140 wa mofolojia ya Kiswahili, na ujuzi wangu wote wa kufundisha mtandaoni ulikuwa kutuma PDF kwenye kundi la WhatsApp. Tangu hapo nimepitia mafunzo ya kila aina, mengine kwa hiari yangu, mengine kwa barua ya idara. Yapo yaliyonibadilisha. Yapo niliyoketi hadi mwisho nikatoka kama nilivyoingia.

Siku hizi wenzangu huniuliza swali lile lile, kwenye ngazi za jengo au tukisubiri chai ya saa nne: kati ya kozi huria za mtandaoni, kozi za kundi zenye mwezeshaji, na mafunzo yanayoandaliwa na chuo chenyewe, nishike ipi? Dharura ilikwisha, lakini ufundishaji wa mtandaoni haukwisha nayo. Agosti 2023 Chuo Kikuu Huria cha Kenya kilipewa hati yake, chuo cha umma kinachofundisha kupitia mtandao. Na hata sisi tuliobaki na ubao na chaki tuna wanafunzi wa jioni wanaotoka kazini Industrial Area saa kumi na moja, wanakwama kwenye msongamano, na wanataka kupata somo wakiwa ndani ya matatu.

Nitazipima njia hizi tatu kwa vigezo vile vile, kisha niseme kila moja inamfaa nani.

Vigezo vitano

Cha kwanza ni muda, na hasa nani anaupanga. Saa tano kwa wiki ambazo unaziweka mwenyewe si sawa na saa tano ambazo mbili kati yake ni kikao cha Jumatano saa nane, wakati una kipindi.

Cha pili ni gharama yote, si ada peke yake. Mkutano wa video wa saa moja unaweza kula karibu gigabaiti moja ya bando. Ukizima video ukabaki na sauti, hautafika megabaiti 100. Ongeza stima inayopotea jioni, na laptopu ambayo betri yake haishiki tena.

Cha tatu ni kile unachofanyia kazi. Je, mazoezi unayafanya ndani ya kozi yako mwenyewe, ile utakayofundisha muhula huu, au ndani ya kozi ya mfano ambayo hutaiona tena?

Cha nne: nani anasoma kazi yako na kukujibu?

Cha tano ni cheti, na uzito wake mbele ya kamati ya kupandisha vyeo.

Sivipi vigezo hivi uzito sawa. Kwangu mimi cha tatu na cha nne ndivyo vinavyoamua kama muhula ujao utafundisha tofauti. Wengi wetu tunadhani ujuzi wa kidijitali ni kujua vitufe: wapi pa kupakia faili, wapi pa kuwasha kipaza sauti. Lakini ukitazama mfumo wa ujuzi wa kidijitali kwa walimu ambao Tume ya Ulaya iliutoa mwaka 2017, unaoitwa DigCompEdu, utakuta stadi 22 katika maeneo sita, na nyingi zinahusu kuchagua nyenzo, kutathmini, kumshirikisha mwanafunzi na kufanya kazi na wenzako. Vitufe unaweza kuonyeshwa na mwanafunzi wako kwa dakika kumi. Kuandika swali ambalo wanafunzi 140 watalijibu kwa kufikiri, hilo huchukua muda mrefu zaidi kujifunza.

Kozi huria ya kujisomea

Hizi ni kozi zilizo wazi kwa yeyote duniani. Majukwaa ya Coursera na edX yalianza mwaka 2012, na mwishoni mwa mwaka huo Chuo Kikuu Huria cha Uingereza kikatangaza jukwaa la FutureLearn. Humo kuna kozi za kubuni masomo ya mtandaoni, za tathmini, za kutengeneza video, na nyingine nyingi.

Kwa upande wa muda, hakuna njia inayokupa uhuru zaidi. Nilisoma kozi nzima ya tathmini kati ya saa kumi na moja na saa kumi na mbili alfajiri, kabla watoto hawajaamka, na hakuna aliyeniuliza mbona nimeruka wiki. Uhuru huo huo ndio mtego wake. Katika kozi nyingi za aina hii wanaofika mwisho huwa chini ya watu 15 kati ya kila 100 waliojiandikisha. Sidhani ni uvivu. Ukikosa wiki mbili za kusahihisha mitihani, hakuna anayegundua kwamba haupo.

Gharama yake ni ndogo ukijipanga. Baadhi ya kozi unaweza kuzisoma bure bila cheti, ingawa nyingine hukufungia baada ya wiki chache au hukuonyesha sehemu ya mwanzo tu. Cheti ndicho kinacholipiwa, na kwenye Coursera unaweza kuomba msaada wa ada kwa kuandika maelezo mafupi. Bando nalo lina ujanja wake: pakua video ukiwa chuoni, kwenye intaneti ya KENET, mtandao wa elimu na utafiti ulioanzishwa mwaka 1999 na unaounganisha vyuo vyetu vingi, kisha uzitazame nyumbani bila kugusa bando lako.

Unachofanyia kazi mara nyingi ni kozi ya mfano. Utaambiwa uandike malengo ya somo la biashara ya viatu au la mazingira ya ziwa fulani, na kazi ya kuhamisha hayo hadi fonolojia ya Kiswahili au hesabu za uhandisi ni yako peke yako. Ukiwa na nidhamu ya kubadilisha kila zoezi liwe la kozi yako, unafaidi sana. Mimi nilifanya hivyo kwa wiki tatu za mwanzo, kisha nikaanza kujibu maswali ili nimalize tu.

Anayesoma kazi yako ni mashine, au mshiriki mwenzako aliyeko nchi nyingine ambaye naye anataka kumaliza. Niliwahi kuandikiwa "Kazi nzuri" chini ya mpango wa somo ambao mimi mwenyewe nilijua haujakamilika.

Cheti kina jina kubwa juu yake, na hilo husaidia ukiomba kazi nje ya nchi. Hapa nyumbani, uliza kwanza chuo chako kinakipokea vipi. Pia angalia kozi ilitengenezwa lini. Kozi ya tathmini iliyoandikwa kabla ya Novemba 2022, ilipotolewa kwa umma ChatGPT, programu ya akili bandia inayoweza kumwandikia mwanafunzi insha, haitakusaidia chochote na insha za kupeleka nyumbani.

Inamfaa mtu anayejua pengo lake hasa. Ukihitaji tu kujifunza kurekodi video fupi au kutunga maswali ya kuchagua yenye maana, ingia, soma wiki hiyo moja, toka. Hakuna aibu kutomaliza.

Kozi ya kundi yenye mwezeshaji

Hapa watu ishirini au thelathini huanza siku moja na kumaliza siku moja, kwa kawaida baada ya wiki nne hadi nane, wakiongozwa na mwezeshaji anayewajua kwa majina. Nyingi huja kupitia miradi na mashirika. Commonwealth of Learning, shirika la Jumuiya ya Madola lenye makao yake Kanada, limekuwa likisaidia mafunzo ya namna hii kwa walimu wa nchi wanachama. Mradi wa PEBL, ulioanza 2017 chini ya Jumuiya ya Vyuo Vikuu vya Madola, uliwakutanisha wahadhiri wa Kenya, Uganda, Tanzania na Rwanda kutengeneza kozi na kuazimana. Nairobi si ngeni katika mambo haya. Chuo Kikuu cha Mtandao cha Afrika kilianza 1997 kama mradi wa Benki ya Dunia na kuhamia hapa mwaka 2002.

Nianze na kigezo cha nne, kwa sababu ndicho kilichonifanya niandike makala haya.

Wiki ya pili ya kozi niliyohudhuria tulitakiwa kuleta swali moja la majadiliano ambalo tumewahi kuwapa wanafunzi wetu. Nililileta langu: "Eleza ngeli za Kiswahili. Je, mmeelewa tofauti zake?" Nilikuwa nimeliweka kwenye jukwaa la darasa muhula uliotangulia, na kati ya wanafunzi 140 walijibu tisa, watano kati yao wakiwa wameandika "Ndiyo mwalimu." Nililaumu bando. Nililaumu kizazi hiki.

Mwezeshaji wetu, mama mmoja aliyekuwa akituongoza kutoka Kampala, alilisoma akaniandikia chini yake: "Mwalimu, asante. Swali hili mwanafunzi anaweza kulijibu bila kutoka kitandani na bila kufungua kitabu. Ungeulizwa wewe, ungeandika nini?" Nilikaa nalo siku nzima. Jioni nikiwa kwenye matatu ya kwenda Roysambu makanga akapaza sauti: "Gari ingine iko nyuma! Hiyo kiti ingine weka mtoto!" Nikalipata swali.

Nilirudi nikaandika: "Ukiwa safarini wiki hii, sikiliza. Andika sentensi tatu ulizozisikia ndani ya matatu au sokoni, ambazo upatanisho wake wa kisarufi si ule wa kitabuni. Onyesha ni ngeli gani imechukua nafasi ya ngeli gani. Kisha msome mwenzako mmoja na umwambie kama mfano wake unakubaliana na wako." Mwezeshaji aliuliza jambo moja tu: wasiosafiri watafanya nini? Nikaongeza "au nyumbani".

Nilipolitumia darasani, zaidi ya wanafunzi tisini waliandika. Kijana mmoja wa Githurai alileta "watu ya Kasarani", msichana wa Kayole akaleta "hiyo mtoto", na wakabishana siku nne kuhusu kama ngeli ya I-ZI inameza vitu tu au imeanza kumeza na watu. Hayo ndiyo majadiliano niliyokuwa nikiyataka miaka yote. Nilikuwa na jukwaa lile lile na kitufe kile kile. Kilichobadilika ni swali, na lilibadilika kwa sababu mtu mmoja alilisoma.

Hiyo pia inajibu kigezo cha tatu: kozi nzuri za kundi hukulazimisha kuleta kozi yako mwenyewe. Si zote. Kabla ya kujiandikisha mwandikie mwandalizi umuulize utawasilisha nini wiki ya pili, na nani atakisoma. Akikujibu kwa orodha ya mada za mihadhara, fikiri tena.

Muda ndio ugumu wake. Tarehe hazikusubiri. Nilipofika wiki ya tano mitihani ilianza, na nilikuwa nikiandika kazi saa sita usiku. Wiki ya kwanza nayo inaweza kukuudhi kwa sababu hamfanyi chochote ila kujitambulisha na kujaribu jukwaa. Nilidhani ni kupoteza wakati. Baadaye niliona mantiki yake katika modeli ya hatua tano aliyoitoa Gilly Salmon mwaka 2000: kwanza mtu aweze kuingia na apate hamu, kisha azoeane na wenzake, ndipo wapeane habari, wajenge maarifa pamoja, na mwisho kila mmoja aendelee kwa miguu yake. Ukiruka hatua mbili za mwanzo, hakuna atakayethubutu kukosoa kazi ya mwenzake wiki ya tatu. Leo madarasa yangu huanza hivyo hivyo.

Gharama hutegemea nani analipa. Yenye mfadhili huwa bure, na wengine hukurudishia pesa za bando. Isiyo na mfadhili inaweza kuwa ghali kwa mshahara wa mhadhiri msaidizi. Cheti hutolewa kwa waliowasilisha kazi zote, jambo linalokipa maana, ingawa jina la mwandalizi huenda lisijulikane na kamati yako. Ambatisha kazi yenyewe uliyoitengeneza.

Inamfaa anayefundisha kwa miaka na anahisi madarasa yake ya mtandaoni yamepoa, bila kujua kwa nini. Haimfai mwenye muhula uliojaa kupita kiasi. Ni heri usubiri awamu ijayo kuliko kuacha wenzako wa kikundi katikati.

Mafunzo ya chuo chako

Haya huandaliwa na kurugenzi ya masomo ya mtandaoni au idara ya TEHAMA, mara nyingi kwa vikao vya saa mbili au tatu juu ya mfumo ambao chuo kinautumia. Katika vyuo vingi vya hapa mfumo huo ni Moodle, programu huria aliyoianzisha Martin Dougiamas huko Australia na ambayo toleo lake la kwanza lilitoka 2002. Faida ya programu huria ni kwamba chuo hakilipii leseni. Hasara ni kwamba kila chuo huipanga kivyake, kwa hiyo maelezo ya video ya mtu wa nchi nyingine huenda yasifanane na unachokiona kwenye skrini yako.

Hapo ndipo mafunzo ya ndani yanapoizidi njia nyingine yoyote. Anayekufundisha ndiye huyo huyo anayeweza kukufungulia akaunti, kuingiza majina ya wanafunzi na kukuonyesha kwa nini alama hazionekani. Unafanya kazi ndani ya ukurasa wa kozi yako hasa. Ada hakuna, na ukiwa ofisini hata bando hulipi.

Udhaifu wake ni kina. Kikao cha kwanza nilichohudhuria, katika chuo kimoja nilichokuwa nikifundisha kwa muda, kilikuwa na washiriki wengi mno hata maswali yakawa yanapita kwenye skrini kwa kasi ya kushindwa kusomwa. Tulionyeshwa kurasa, tukaahidiwa rekodi, na rekodi haikuja. Hakuna aliyesoma kazi yangu kwa sababu hakuna kazi iliyotakiwa. Mwaka uliofuata, chuo kingine kikagawa walimu kwa idara, watu kumi na wawili kila kikao, kila mtu akiwa amefungua kozi yake, na tukatoka na kurasa zilizokamilika. Kwa hiyo usihukumu njia hii kwa kikao kimoja. Tazama idadi ya watu na kama kuna kikao cha kurudi baada ya wiki mbili.

Cheti, kikiwepo, kina uzito ndani ya chuo na hakina nje. Lakini hapa kuna jambo ambalo njia nyingine mbili hazikupi: sheria za nyumbani. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data tangu 2019, na ukirekodi darasa lenye sura na sauti za wanafunzi unapaswa kujua rekodi hiyo itakaa wapi na nani ataiona. Uliza hapo hapo kikaoni, hata kama hawajalitaja.

Inamfaa mgeni wa mfumo, na kila mhadhiri mwanzoni mwa ajira mpya. Haimtoshi anayetaka kujua namna ya kufundisha.

(Video fupi za YouTube na mwenzako wa ofisi ya pili sijazihesabu kama njia kamili. Zitumie kila siku kwa tatizo la dakika tano.)

Kulingana na hali yako

Kama muhula unaanza Jumatatu na hujawahi kufungua ukurasa wa kozi yako, nenda mafunzo ya chuo wiki hii. Usijiandikishe kokote kwingine hadi majina ya wanafunzi yaonekane.

Kama uko likizo ndefu, una miezi miwili na hamu, tafuta kozi ya kundi. Beba kozi moja tu, ile inayokusumbua zaidi.

Kama una watoto wadogo, au unafundisha mchana na jioni, kozi huria ndiyo itakayokubali maisha yako. Ili usipotee njiani, mtafute mwenzako mmoja mjiandikishe pamoja, na kila Ijumaa mtumiane kazi mliyoibadilisha iwe ya darasa lenu. Hivyo unapata msomaji ambaye kozi yenyewe haikupi.

Mhadhiri wa muda anayezunguka vyuo vitatu ana hali ngumu kuliko sote. Mara nyingi akaunti yake hufunguliwa muhula ukiwa umefika katikati, na barua za mafunzo humpita. Akijifunza mfumo wa chuo kimoja, kesho yuko kwingine. Kwake ningeweka pesa na muda kwenye ujuzi unaohamishika: kuandika maswali, kutunga majaribio ya kati ya muhula yasiyonakilika, kuendesha majadiliano. Hayo hupatikana kozi ya kundi au kozi huria. Na aidai akaunti kwa maandishi, kwa mwenyekiti wa idara, siku anayopewa ratiba.

Nawe mwenyekiti wa idara unayetaka kuwafundisha walimu ishirini kwa bajeti ndogo: wapeleke watatu au wanne kwenye kozi ya kundi, uwapunguzie kipindi kimoja muhula huo, kisha wakirudi wawaongoze wengine ndani ya mfumo wa chuo, walimu watano watano, kila mmoja akiwa na laptopu mbele yake na kozi yake ikiwa wazi. Walipie bando. Wapo watakaohudhuria kutoka Rongai au Juja kwa simu, na wakikatika kila dakika kumi hawatarudi kikao cha pili.

Na wewe unayekaribia kustaafu, uliyeniambia kwamba mambo haya ni ya vijana: una miaka thelathini ya maswali mazuri ya mtihani kwenye kabati la ofisi yako. Njoo kwenye kikao cha idara na matano kati yake. Vitufe tutakuonyesha.